Mtiifu Hakosei

Palikuwa na nchi iitwayo Tukuzeni. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani za nchi hiyo zilichorwa upya kila serikali ilipobanwa, na hilo mtaliona wenyewe. Ilikuwa nchi njema. Ilikuwa na mito, ilikuwa na mahindi, ilikuwa na watu wavumilivu kupita kiasi. Ilikuwa pia na kiongozi aliyeitwa Mlezi wa Taifa, ambaye alilipenda taifa lake kwa namna ya pekee: alilihutubia kutwa kucha kwenye redio, akinyamaza tu pale anapomeza mate.

Nchi hiyo ilikuwa vitani na jirani yake, Ndaro, iliyoko ng'ambo ya mto. Chanzo cha vita kilikuwa kizito. Kwenye daraja la mpakani kila nchi ilitundika picha ya mkuu wake, na siku moja ikagundulika kwamba picha ya mkuu wa Ndaro iko juu kuliko ya Mlezi wetu kwa upana wa kiganja. Ngazi moja na nyundo vingeyamaliza hayo kabla ya chakula cha mchana. Badala yake daraja lilivunjwa, picha zote mbili zikaenda na maji, na vijana wa pande zote mbili wakaanza kufa.

Katika nchi hiyo aliishi Injinia Sikudhani Mlekwa, mkuu wa mitambo ya Redio Taifa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, asiyependa makuu, mwenye tabia ya kuuma mdomo wa chini anapotafakari. Ndiye aliyeujenga mnara ambao sauti ya Mlezi ilipandia kwenda kila pembe ya nchi. Serikali ilikuwa imemwamuru auongezee nguvu mwaka hadi mwaka, mpaka watu wa karibu na mnara wakawa wanaisikia hotuba kwenye masufuria yao.

Siku moja aliitwa kwenye kiwanda cha sukari kilichokuwa kimefungwa kwa kukosa miwa. Kiwanda hicho sasa kiliitwa Kurugenzi ya Makombora. Mkuu wake alikuwa Jenerali Mkwara, mtu aliyeiona vita kwenye gwaride tu, lakini kifua chake kilijaa medali hata nyingine zikashonwa kwenye mikono ya koti.

"Wewe mama ndiye mwenye kujua mambo ya mawimbi?" Jenerali aliuliza.

"Nayajua kiasi, afande."

"Vizuri. Tunatengeneza kombora la kuongozwa. Siyo haya mabomu ya kizamani ya kutupa na kuomba Mungu. Hili litaruka lenyewe, na mtu amekaa kibandani na mpini mkononi, analiambia kulia, linakwenda kulia. Kushoto, linakwenda kushoto. Mlezi wa Taifa mwenyewe amelipa jina. Linaitwa Mtiifu."

Sikudhani hakukataa, na tusimwonee kwa hilo. Mama yake, Bi Kidawa, alikuwa na mashine ya kusaga unga katika mji wa Mbandamo, ukingoni mwa mto, na mabomu ya Ndaro yalikuwa yakiangukia humo ovyo ovyo. Aliwaza kwamba silaha inayosikia ingepiga ngome ya adui peke yake na kuacha nyumba za watu, za huku na za kule, na vita ingekwisha. Alikuwa mtu mzima, tena msomi, lakini aliwaza hivyo.

*

Mtiifu alikuwa na sura nzuri. Alipakwa rangi za bendera, akaandikwa ubavuni maneno ya sifa, na mkiani akafungiwa mapezi ya chuma ya kumgeuza huku na huku. Alikuwa na kasoro moja tu: hakuwa akisikia.

Walimrusha mara kadhaa kwenye mbuga ya Chekeleni, ambako hakuna watu. Sikudhani akivuta mpini kushoto, Mtiifu anakwenda kulia. Akivuta kulia, Mtiifu anakwenda juu, kisha anashuka kichwa chini kama aliyekumbuka kitu alichokiangusha. Mafundi walifungua tumbo lake, wakakagua kila waya, hawakuona tatizo. Mpaka siku moja Sikudhani alipokuwa akimfuatilia kwa darubini, huku redio ya mlinzi ikiwa wazi mlangoni kama sheria ilivyotaka, ndipo alipoelewa. Mlezi aliposema kwa nguvu, "Ndugu wananchi!" mkia wa Mtiifu ulipiga kulia. Mlezi alipokohoa, Mtiifu aliinamisha pua.

Jambo likawa wazi basi. Mnara wa redio ulikuwa na nguvu mno, na kipokezi cha kombora kilikuwa kinamsikia Mlezi, hakimsikii mwenye mpini.

Sikudhani alilipeleka jambo hilo kikaoni. Pembeni ya Jenerali Mkwara aliketi Waziri wa Habari na Shangwe, Mheshimiwa Sifuni, mtu mwembamba, mpole, aliyezungumza taratibu kama anayetembea juu ya vigae vilivyovunjika.

"Kwa hiyo, Injinia," alisema Waziri, "unatuambia kwamba sauti ya Mlezi wa Taifa ni kelele?"

"Sikusema kelele, mheshimiwa. Nimesema ina nguvu kuliko amri zetu."

"Ndivyo inavyotakiwa iwe," Waziri akasema, na kikao kikapiga makofi.

"Naomba redio izimwe kwa muda mfupi tu, Mtiifu akiwa hewani."

Jenerali Mkwara aliinama chini ya meza kufunga kamba za viatu, ingawa buti zake hazikuwa na kamba.

"Au basi tumhamishie Mtiifu kwenye masafa mengine," Sikudhani akaongeza haraka.

"Hayapo," Waziri akajibu. "Masafa mengine yote yana kazi ya kuziba redio za nje, wananchi wasidanganywe."

Baada ya majadiliano marefu kikao kiliazimia yafuatayo: kwamba Mtiifu, kwa kumsikiliza Mlezi wa Taifa na kumpuuza kila mtu mwingine, ameonyesha uzalendo wa kuigwa, na kwamba siku atakaporushwa kwenda kupiga ngome ya Ndaro, Mlezi aombwe hotuba yake iizungumzie ngome hiyo, ili Mtiifu aelewe anakotakiwa kwenda.

Sikudhani aliuma mdomo. Alitazama nyuso zilizokuwa zimeizunguka meza, akaona kwamba zaidi ya mmoja humo ndani anajua fika kwamba huu ni upuuzi. Walimtazama kwa macho ya kumsihi anyamaze. Akanyamaza.

*

Siku chache kabla ya kombora kurushwa, Bi Kidawa alipiga simu kutoka posta ya Mbandamo. Alizoea kupaza sauti kwenye simu, kana kwamba ni yeye anayetakiwa kuifikisha huko iendako.

"Sikudhani! Huku tunasikia mna kitu kinakwenda chenyewe kupiga watu!"

"Hakiendi chenyewe, mama. Kinaongozwa."

"Kinaongozwa na nani?"

Sikudhani alijua kuwa simu ile ina masikio mengine. "Na mimi," akasema.

"Alhamdulillahi! Basi nimepoa. Nitawaambia na majirani walale usingizi."

"Mama, sikiliza. Jumanne usifungue mashine. Nenda kwa shangazi, huko bara."

"Jumanne? Jumanne si siku ya gulio! Watu wanatoka vijiji vyote na mahindi yao, nifunge mashine, nina wazimu?"

"Mama, nakuomba..."

Simu ikakatika. Alipojaribu kupiga tena, sauti ya kiume, ya adabu sana, ilimwambia kwamba laini ya Mbandamo inafanyiwa matengenezo.

Alikwenda kwa Jenerali kuomba siku ibadilishwe. Jenerali alishangaa kweli kweli. Tarehe ilipangwa na Mlezi mwenyewe, kwa kuwa ndiyo siku aliyong'oa jino lake la kwanza la utotoni. Nani angethubutu kuigusa?

Jumanne ikafika. Kibanda cha kuongozea kilikuwa juu ya kilima, na kutoka hapo mtu aliuona mto, ngome ya Ndaro ng'ambo yake, na upande wa huku mabati ya Mbandamo yakimeta kwa jua. Sikudhani alishika mpini. Hotuba ilianza, Mtiifu akaondoka kwenye jukwaa lake kwa kishindo kilichotikisa vikombe vya chai vya maofisa.

Alikwenda vizuri. Hilo lazima lisemwe. Alikwenda moja kwa moja kuelekea ngome, na maofisa walianza kupeana mikono. Kisha Mlezi wa Taifa, aliyekuwa amefika mahali patamu pa kumlaani adui, akapaliwa. Akakohoa mara ya kwanza. Akakohoa tena, kikohozi kirefu cha mtu aliyevuta sana sigara.

"Juu!" Sikudhani alipiga kelele, ameukumbatia mpini kwa mikono yote miwili. "Panda juu! Panda, mwanaharamu wewe, panda!"

Mtiifu aliinamisha pua, akageuka taratibu, kwa utii mkubwa, akashukia katikati ya gulio.

Hata moshi haukuwa umesimama vizuri wakati Jenerali Mkwara aliposhusha darubini yake.

"Pale ni wapi?" aliuliza.

"Mbandamo," Sikudhani akajibu. Hakuitambua sauti yake. "Ni kwetu. Afande, ni kwetu pale, leo ni gulio, leteni magari, leteni madaktari..."

"Injinia, tulia. Fikiri kabla ya kusema neno." Jenerali alikunja uso kwa bidii ya kufikiri. "Mtiifu hakosei. Hilo limetangazwa na Mlezi. Sasa, kama hakosei, na amepiga pale, basi pale..." Akamtazama Waziri Sifuni kumwomba msaada.

"Pale ni kwa adui," Waziri akamalizia kwa upole.

Akaletwa mchora ramani na kifutio.

*

Kabla ya adhuhuri Redio Taifa ilitangaza kwamba kiota cha adui kiitwacho Mbandamo kimeteketezwa. Watu wa miji mingine, ambao wengi wao hawakuwahi kufika Mbandamo, walitoka barabarani kushangilia. Tangu Tukuzeni iwe Tukuzeni serikali ilikuwa hodari wa kupunguza hesabu ya raia wake waliokufa: meli ikizama, ukipita ugonjwa, mgodi ukiporomoka, takwimu zilipunguzwa mpaka zikaingia kiganjani. Safari hii ilikuwa kinyume. Kila ofisa alitaka maiti za Mbandamo ziwe nyingi zaidi, maana kila maiti ilikuwa ushindi, na wawili kati yao walikaribia kupigana ngumi wakigombea kama watoto wachanga wahesabiwe kuwa askari.

Sikudhani aliomba ruhusa kwenda kumtafuta mama yake.

"Huwezi kwenda hivi hivi," karani wa Kurugenzi alimwambia. "Mbandamo ni nchi ya nje. Unahitaji hati ya kusafiria, na viza ya Ndaro."

"Ndaro tunapigana nao!"

"Ndiyo maana viza yao siku hizi ni ngumu kidogo."

Kilichompa njia ni nishani. Ikulu ilimwita pamoja na Jenerali na Waziri, na Mlezi wa Taifa kwa mkono wake akambandika kifuani nyota ya dhahabu yenye riboni nyekundu, akamnong'oneza, "Umeongoza vizuri, mama," akiwa bado anakohoa kidogo. Sikudhani alifumbata mikono yake ili isiende kwenye shingo ile. Alitoka nje, akapanda gari la kwanza alilolikuta, na kwenye kila kizuizi askari walipoiona nyota walipiga saluti na kunyanyua mti.

Mji ulikuwa umezungushiwa seng'enge. Waliosalia walikusanywa kwenye uwanja wa shule kama mateka wa vita, na Luteni mmoja alikuwa akiwahoji mezani, mmoja mmoja.

"Ulijiunga lini na adui?" alimwuliza mzee mwenye bandeji kichwani.

"Jumanne, afande," mzee akajibu. "Nilikuwa nachagua nyanya."

Luteni akaandika.

Bi Kidawa alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, mkono mmoja umefungwa kwa kanga. Unga na majivu vilimganda usoni. Alipomwona mwanawe aliinuka, akamshika mashavu kwa mkono uliokuwa mzima, akamkagua kama anayehakikisha kwamba hana jeraha.

"Uko mzima," alisema. "Mungu mkubwa. Kashindi kinyozi hayupo tena, mwanangu. Mama Sijali wa dagaa hayupo. Mwalimu Hoza na mkewe. Watu waliokuwa kwenye foleni yangu ya kusaga, foleni nzima, mimi niliingia ndani kuchukua mkanda wa mashine, nilipotoka... Tumekatazwa kuwazika makaburini. Wanasema adui hawezi kulala pamoja na wazalendo. Makaburi yale mababu zao wamo humo!"

Ndipo macho yake yaliposhuka.

"Hiyo inayong'aa kifuani umeitoa wapi?"

Sikudhani alikuwa ameisahau. Aliifunika kwa kiganja, akiwa amechelewa.

"Nimepewa."

"Kwa kazi gani?"

Bi Kidawa alimtazama kwa muda, na alichokuwa akikielewa kilimwingia polepole, kikambadilisha uso.

"Uliniambia unakiongoza wewe."

"Hakisikii, mama. Niliwaambia hakisikii. Niliwaambia kwenye kikao, mbele ya wote."

"Uliwaambia wao." Bi Kidawa hakupaza sauti, naye alikuwa mtu wa kupaza sauti. "Wao si walikuwa wanajua? Na sisi je? Sisi tunaoangukiwa ulituambia nini? Mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikawaambia watu walale, mwanangu ndiye anayekishika!"

"Simu ile walikuwa wanaisikiliza..."

"Toka hapa, Sikudhani."

"Mama."

"Sikufukuzi kwa chuki. Toka, nenda kawaambie waliobaki. Hicho kitu watakirusha tena."

*

Ni kweli walikuwa wanajiandaa kukirusha tena, na safari hii kikubwa zaidi, mbele ya mabalozi, kuupiga mji mkuu wa Ndaro. Mtiifu wa pili angerushwa kutoka mwisho wa pili wa nchi, apite juu ya nchi nzima ya Tukuzeni, mji kwa mji, kabla ya kufika mpakani.

Waziri Sifuni hakutaka kubahatisha. Aliwaweka makarani ndani ya ukumbi mmoja wakaandika mapema matangazo ya ushindi, moja kwa kila mji ulioko njiani. Popote Mtiifu atakapoamua kuanguka, tangazo liko tayari, limepigwa chapa na kugongwa muhuri.

Sikudhani alirudi kazini. Alisalimia watu, akanywa chai yao, akasema anajisikia vizuri. Alikuwa na hasira ya namna ambayo hakuwahi kuijua, hasira baridi iliyomfanya awe na adabu kuliko kawaida. Kibanda cha kilimani na mnara wa redio viliunganishwa kwa waya mmoja wa simu, na waya huo ulitandazwa na yeye mwenyewe. Usiku, kule mnarani, aliuingiza waya huo kwenye mtambo wa kurushia matangazo, na asubuhi ya siku ya kurusha, akisingizia kukagua mpini, aliufunga kibandani kwenye kipaza sauti, akakificha nyuma ya birika la chai.

Sheria ilitaka kila redio nchini iwe imewashwa kabla ya hotuba. Ziliwashwa. Majumbani, sokoni, kambini, hospitalini, watu walikaa kumsubiri Mlezi. Walichosikia kwanza ni kijiko kikikoroga kikombe, kisha sauti ya mwanamke.

"Mheshimiwa Waziri, nimekuwa nikijiuliza. Mtiifu akiangukia Kitivo, tutasema nini?"

"Kitivo?" Karatasi zikapekuliwa. "Kitivo hii hapa. 'Genge la wasaliti limefyekwa.' Nzuri sana hii."

"Lakini Kitivo kuna hospitali ya wazazi."

"Ndilo tatizo la Kitivo," Jenerali Mkwara akadakia, mdomo umejaa mandazi. "Wanazaana sana, hao maadui."

Vicheko. Sikudhani akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza.

"Na akiangukia Lugomba?"

"'Ghala la silaha limelipuliwa.'"

"Lugomba wana ghala la mahindi tu."

"Injinia, likishalipuka nani atajua lilikuwa la nini?"

"Na mji mkuu wetu, Makuu?"

"Inategemea mtaa," Waziri akasema. "Upande wa mabanda tuna tangazo zuri, tena tulikuwa tunatafuta namna ya kuyaondoa yale mabanda. Upande wa masoko lipo. Hata wa kanisa kuu na msikiti wa Ijumaa, yapo. Tumejitahidi, kwa kweli."

"Na Ikulu?"

Kijiko kikanyamaza.

"Ikulu hakuna tangazo," Waziri akasema. "Ikulu haiwezi kuitwa kwa adui. Ni pale peke yake katika nchi hii."

Mlangoni alisimama Koplo Ndimbo, mlinzi wa kibanda, na redio yake kiunoni, ameipunguza sauti. Alikuwa ameona kitu cha ajabu: maneno yaliyosemwa ndani yalitoka kwenye redio yake. Aliangalia redio, akaangalia waya uliopita chini ya zulia, akaufuata kwa macho mpaka nyuma ya birika. Macho yake yakakutana na ya Sikudhani. Koplo akarudi kusimama wima, akatazama mbele kama jiwe.

Simu ya Ikulu ikaanza kulia. Jenerali aliipokea, akasikiliza, mandazi yakamdondoka.

"Nani?" alinguruma. "Nani amefungua kipaza sauti?"

"Mimi," Sikudhani akasema. Alikitoa kipaza sauti nyuma ya birika, akakiweka karibu na mdomo wake. "Ninaitwa Sikudhani Mlekwa, wa Mbandamo. Nilikuwa na mpini mkononi siku ile. Mtiifu hasikii. Hajawahi kusikia. Tulijua kabla hatujamrusha, na mimi nilijua. Waliokufa kule walikuwa watu wetu. Walikuja kununua nyanya. Leo watamrusha tena, na hakuna ajuaye ataangukia wapi. Tokeni mlipo."

"Mkamate!" Jenerali alipiga kelele. "Koplo, mkamate huyu! Na Mtiifu arushwe sasa hivi!"

"Mke wangu amelazwa Kitivo, afande," Koplo Ndimbo akasema. "Wodi ya wazazi."

"Nimekuuliza habari za mke wako?"

"Hapana, afande. Hukuuliza."

Koplo alimshika Sikudhani mkono, kama alivyoamriwa, akatoka naye, akamwingiza kwenye gari. Jenerali alipiga simu jukwaani kuamuru kombora lirushwe. Simu iliita mpaka ikachoka. Askari wa jukwaani nao walikuwa na redio, kama sheria ilivyotaka, na kila mmoja alikuwa ameshaondoka kukimbilia kwao.

*

Watu wa Tukuzeni, nimeshasema, walikuwa wavumilivu. Hawakuchoma kitu. Walifikiri tu, labda kwa mara ya kwanza wote kwa wakati mmoja, na mawazo yao yakafika mahali pamoja. Waziri alisema mwenyewe kwamba nchi nzima yaweza kuwa ya adui, isipokuwa Ikulu. Basi wakabeba magodoro yao, kuku, masufuria, wagonjwa na watoto, wakaenda Ikulu.

Walikuja kwa miguu, kwa malori, kwa baiskeli. Walipofika, walinzi wa lango walinyoosha bunduki, kisha mmoja wao akamwona dada yake, mwingine akamwona aliyemfundisha kusoma. Lango lilifunguliwa bila mtu kutoa amri. Watu walitandika mikeka kwenye majani mazuri yaliyokatazwa kukanyagwa, wakawasha majiko kando ya sanamu, na kina mama waliokuwa na watoto wachanga wakapewa kivuli cha baraza.

Alasiri yakaingia malori ya jeshi kutoka Mbandamo. Walinzi wa mateka walikuwa wamesikia redio pamoja na mateka wao, na wakaona ni busara kuja nao. Sikudhani alikuwa amesimama kando ya gari la Koplo Ndimbo alipomwona mama yake akishushwa, mkono bado umefungwa kanga. Hakumkimbilia. Nishani alikuwa ameshaitupa njiani, lakini alijiona kama bado anayo.

Waziri Sifuni alitokeza kwenye roshani, jasho linamtoka, akajaribu kutabasamu.

"Ndugu wananchi! Rudini majumbani!"

"Sisi siyo wananchi," Bi Kidawa akajibu kutoka chini, kwa sauti yake ya simu. "Sisi ni adui. Tumekuja kujisalimisha."

Umati ukaitikia, na mikono ikainuliwa juu, mikono elfu kwa elfu, mikono yenye miiko ya kupikia, yenye vitoto, yenye viatu vilivyochoka.

"Hapana, hapana, kumetokea kutoelewana..."

"Tumeelewana. Tumekusikia leo asubuhi, mji kwa mji. Mmeshinda vita, mheshimiwa. Mmetuteka wote. Sasa mateka analishwa na aliyemteka, anatibiwa na aliyemteka, wala hapigwi makombora. Si ndivyo sheria inavyosema? Na mateka anaulizwa jina lake. Tuulize majina. Anza na wafu wetu."

"Adui hana..." Waziri akaanza, kisha akakitazama kiwanja kile chote.

Nyuma yake pazia la dirisha kubwa lilisogea. Inasemekana Mlezi wa Taifa alikuwa amesimama hapo na kipaza sauti chake cha dhahabu mkononi, lakini hapakuwa na mtu aliyebaki kwenye mnara wa kukiwasha.

Bi Kidawa aligeuka, akawatazama watu waliomzunguka mpaka akampata aliyekuwa akimtafuta. Hakutabasamu, wala hakufungua mikono. Alimwita kwa kidole.

"Njoo hapa mbele," alisema. "Umezaliwa mji ule, ulikuwa unawajua wote. Wataje wewe. Na usimruke hata mmoja."

Sikudhani alipita katikati ya magodoro na majiko, akasimama chini ya roshani. Alianza kwa Kashindi, kinyozi. Akamtaja Mama Sijali, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, kwa jina la mtoto. Akamtaja Mwalimu Hoza na mkewe. Akaingia kwenye foleni ya mashine ya unga, mama yake akimkumbusha waliosimama humo, mtu baada ya mtu, na kila jina lilipotoka watu wa Mbandamo walilirudia kwa sauti, kisha watu wa Kitivo, kisha wa Lugomba, kisha uwanja mzima. Bado alikuwa kwenye foleni ile wakubwa wa Tukuzeni walipoanza kutoka mmoja mmoja kwa mlango wa jikoni, wameshika viatu mkononi. Hakugeuka kuwatazama. Majina yalikuwa bado mengi.